Muhogo mchungu wa Micheweni: jeni zipi zichunguzwe?

Swali: Asalamu alaykumu, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nyumbani ni Wete. Msimamizi wangu amenitaka nichunguze familia moja ya jeni za vimeng'enya katika zao la kwetu. Nimechagua linamarasi ya muhogo, kwa sababu nataka kujua kwa nini muhogo wa shamba la babu yangu Micheweni ni mchungu na ule wa Ole ni mtamu. Nimetafuta kwa BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya jeni na protini, nikapata mifuatano sitini na ushei. Sijui ipi ni ya kweli na ipi ni ya kutupa. Na hapa Pemba sina maabara. Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykumu salamu, mwanangu. BLAST iweke kando kidogo, kwanza nakutuma kwa babu. Muulize: mbegu iliyopandwa Micheweni na ile ya Ole ni moja? Hukusema, na jibu lake ndilo litakaloamua utafiti wako uelekee wapi.

Muhogo tunaupanda kwa pingili. Mti mmoja ukikatwa pingili zikagaiwa kijiji kizima, mashamba yote hayo yana jenomu moja, yaani seti nzima ya jeni ni ile ile, ukiacha mabadiliko madogo madogo yanayozuka yenyewe. Kwa hiyo ikiwa babu alichukua pingili Ole akazipanda Micheweni, hakuna jeni ya uchungu iliyoko huku na isiyoko kule, hata ukiitafuta mpaka macho yakuume. Tofauti itakuwa imeletwa na ardhi na maji. Muhogo ukikosa mvua, glukosidi za sianidi, yaani sukari iliyoshikana na sumu ya sianidi, hupanda katika mizizi, na ardhi ya mawe ya Micheweni haikai na unyevu kama bonde la Ole. Si jambo la ladha tu. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo, baada ya kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha, na sahani hazikuwa na protini ya kutosha kuusaidia mwili kuitoa sianidi.

Mbegu zikiwa tofauti, basi jeni zinaweza kuwa na la kusema. Lakini usiende kwa jina peke yake. Jina moja la mbegu hubeba miti tofauti kutoka shehia hadi shehia, na mti mmoja huitwa majina matatu. Kama unaweza, tia katika utafiti wako angalau aina moja inayotambulika kwa hakika, mfano mbegu zilizotolewa na watafiti wa Zanzibar kama Kizimbani na Machui, ili uwe na pahala pa kulinganishia.

La pili ni zito zaidi, na usivunjike moyo: linamarasi haiufanyi muhogo uwe mchungu. Kazi yake ni kuuvunja uchungu.

Kinachouma ulimini ni linamarini, ikiambatana na kiasi kidogo cha nduguye lotaustralini. Mmea huitengeneza linamarini kutoka asidi amino iitwayo valini, na lotaustralini kutoka isolusini. Hatua ya kwanza hufanywa na vimeng'enya viwili vya ukoo wa saitokromu P450, CYP79D1 na CYP79D2, vinavyoigeuza asidi amino kuwa oksimu. Kingine cha ukoo huo huo, CYP71E7, huichukua oksimu na kuifikisha kuwa sianohidrini. Mwisho UGT85K4 na UGT85K5 huibandika glukosi juu yake, ikatulia, ikahifadhiwa ndani ya vakuoli, yaani vifuko vya seli. Hapo haimdhuru mtu.

Linamarasi yenyewe inakaa mbali na hapo, kwenye kuta za seli na katika utomvu ule mweupe. Hazikutani mpaka seli ipasuke, iwe kwa jino la mbuzi, kwa kisu au kwa mchi. Zikikutana, linamarasi huing'oa glukosi, sianohidrini ikabaki tupu, nayo huvunjika ikatoa asetoni na hidrojeni sianidi. Katika majani kuna kimeng'enya kingine, haidroksinitrili liasi, kinachoiharakisha hatua hii ya mwisho. Katika mizizi hicho ni kama hakipo, kwa hiyo sianohidrini hungoja joto au kupungua kwa uchachu ili ivunjike yenyewe. Ikiwa pH iko chini ya 5 hutulia, ikipanda juu ya hapo huvunjika haraka.

Sasa fikiria kisamvu. Majani ya muhogo yana glukosidi hizi kwa wingi kuliko nyama ya mizizi. Ukiyatia mazima kwenye maji yanayotokota, moto huiua linamarasi kabla haijaifikia linamarini, na linamarini yenyewe haivunjiki upesi kwa moto. Ukiyatwanga kwanza, unavikutanisha viwili hivyo kinuni, sianidi inaanza kutoka, na chungu kinamalizia, maana hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi. Vivyo hivyo kwa muhogo wa kukunwa na kukamuliwa, na kwa unga uliolowanishwa ukatandazwa mwembamba kivulini kwa saa 5 au juani kwa saa 2, njia iliyotumika Msumbiji na Kongo kupunguza sianidi iliyobaki katika unga. Hapo ndipo linamarasi inapofanya kazi.

Kwa hiyo unayo maswali mawili, na kila moja lina familia yake. Ukiuliza kwa nini muhogo huu una sumu nyingi kuliko ule, nenda kwa wanaotengeneza: CYP79, CYP71, UGT85. Ukiuliza kwa nini muhogo huu husafika upesi ukikunwa na ule hausafiki, nenda kwa linamarasi. Swali ulilonitumia ni la kwanza, na familia uliyochagua ni ya pili. Naona hili mara nyingi kwa wanafunzi: familia inachaguliwa kwa sababu jina lake linajulikana, kisha swali linatafutwa la kuivisha. Mimi ningebaki na swali lako, kwa sababu limetoka shambani, nikaibadilisha familia. Lakini msimamizi akisisitiza linamarasi, nayo ina heshima yake. Jeni yake ilichambuliwa tangu 1992 huko Uingereza, na swali la usafishaji linawahusu moja kwa moja watu wanaotengeneza unga.

Nije kwenye sitini na ushei zako. Nitaeleza kwa linamarasi kwa kuwa ndiyo uliyoianza, ila utaratibu ni ule ule kwa P450.

Linamarasi ni ya familia kubwa ya glukosidasi iitwayo GH1. Katika Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, familia hii ina jeni zaidi ya 40, na katika mpunga ni kama 40. Muhogo una jeni takriban 33,000 kwa jumla, hauko mbali sana na mimea hiyo, kwa hiyo sitini na ushei inanipa shaka. Mshukiwa wa kwanza ni nakala. Jeni moja inaweza kutoa nakala mbili tatu za RNA (ule ujumbe ambao seli huusoma kutengeneza protini), na faili la protini huziorodhesha zote. Kwenye Phytozome, hazina ya mtandaoni ya jenomu za mimea, majina ya jeni za muhogo huanza na Manes, ikifuata namba ya kromosomu, na ukiona mawili yamelingana yakatofautiana kwa .1 na .2 mwishoni, hiyo ni jeni moja. Lipo faili lenye nakala kuu peke yake. Lipakue hilo, rudia kutafuta, na orodha yako itapungua bila jasho. Andika pia ni toleo gani la jenomu ulilotumia, kwa sababu majina na mipaka ya jeni hubadilika toleo hadi toleo, na anayesoma kazi yako baada ya miaka mitatu atapotea.

BLAST ni nzuri kwa kuanzia, lakini inakamata chochote kinachofanana kwa kipande. Pitisha mifuatano yako kwenye HMMER, programu inayopima kwa kielelezo cha familia nzima, kwa kielelezo cha Pfam (hazina ya familia za protini) chenye namba PF00232, ambacho ndicho cha GH1. Kwa P450 namba ni PF00067. Kinachopita kwa urefu wa kutosha kibakishe. Protini za GH1 kwa kawaida zina asidi amino kama 500, kwa hiyo ukiona ya 140 jiulize: ni jeni iliyokatika, ni jeni mfu, au kompyuta imekosea kuweka mipaka yake? Usiifute kimyakimya. Ieleze katika jedwali na sababu ya kuiacha.

Kisha tazama moyo wa kimeng'enya. GH1 hufanya kazi kwa asidi amino mbili za glutameti, moja katika kipande kinachosomeka TFNEP au TLNEP, nyingine katika ITENG au VTENG. Panga mifuatano yako sambamba kwa MAFFT, nenda kwenye safu hizo mbili, angalia kwa macho yako. Nasema kwa macho kwa sababu watu wengi huachia programu kila kitu, wakafika kwenye utetezi hawajawahi kuutazama mpangilio wenyewe. Ila usihukumu upesi. Mirosinasi za ukoo wa haradali ni GH1 pia, zimepoteza glutameti ya kwanza, na bado zinafanya kazi yake nyingine vizuri tu. Kukosekana kwa herufi moja kunaweza kumaanisha kazi imebadilika, si kwamba jeni imekufa.

Sehemu inayowakamata watu wa muhogo hasa ni hii. Muhogo una kromosomu 36, jozi 18, na kwa kuwa tunauzalisha kwa pingili miaka nenda miaka rudi, kromosomu mbili za jozi moja zinaweza kutofautiana sana. Jenomu inayotumika kama rejea ni ya mti uitwao AM560-2, uliozalishwa katika CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo nchini Kolombia, kwa kujichavusha vizazi kadhaa ili tofauti hizo zipungue. Huko utaona jeni moja pahala pamoja. Lakini zimeshatolewa jenomu za aina za Afrika, kama TME204, ambazo zinaonesha pande zote mbili za jozi. Ukichanganya bila kujua, utahesabu aleli mbili (sura mbili) za jeni moja kama jeni mbili, na familia yako itanenepa kwa hewa. Juu ya hayo, babu wa mbali wa muhogo aliwahi kujirudufu jenomu yake yote, kwa hiyo utakuta jeni pacha kwenye kromosomu mbili tofauti kabisa. Hizo ni jeni mbili za kweli. Kinachotenganisha hali hizi ni mahali: aleli hukaa pahala pamoja katika kromosomu za jozi moja, pacha wa kale hukaa kromosomu nyingine akiwa na majirani wanaofanana, na jeni zilizorudufika karibuni hukaa zimeshikana kama nyumba za mtaa mmoja. Chora ramani ya kromosomu, hata kwa mkono.

Baada ya hapo ndipo mti wa nasaba. Tia mifuatano yako, tia linamarasi iliyokwisha kuthibitishwa, tia za Arabidopsis na za mpunga zinazojulikana kazi yake, na uzitengenezee mti kwa IQ-TREE. Zitakazokaa tawi moja na linamarasi ndizo za kuzishughulikia. Kwa P450 kuna utaratibu wa majina unaofuatwa dunia nzima: zinazofanana kwa zaidi ya asilimia 40 ni familia moja, ndiyo ile namba 79, na zaidi ya asilimia 55 ni tawi moja la familia, ndiyo ile D. Usijitungie majina yako. Msomaji akiona CYP79D2 anajua pa kuiweka bila kukuuliza.

Nikufikishe kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote: mti wa nasaba hukuambia nani anafanana na nani, haukuambii nani anafanya nini. CYP79D1 na CYP79D2 ni mfano mzuri. Zilitangazwa mwaka 2000 na watafiti wa Denmark, na zinafanana kwa karibu asilimia 85. Kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kuzihesabu kama kitu kimoja chenye akiba yake. Halafu katika miaka ya karibuni watafiti wakazivunja, pamoja na moja moja, kwa CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni. Zilipovunjwa zote mbili, sianidi ilitoweka katika majani na mizizi. Ilipovunjwa D2 peke yake, ilipungua kwa kiasi kikubwa. Ilipovunjwa D1 peke yake, haikupungua vile. Asilimia 85 ya kufanana, na bado mzigo mkubwa unabebwa na mmoja. Hakuna mti wa nasaba ambao ungekueleza hilo.

Mfano mwingine unahusu mahali. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, waliizima hatua hiyo ya CYP79D kwenye majani tu. Mizizi ikapoteza linamarini kwa asilimia 99. Maana yake sehemu kubwa ya kinachouma kwenye mzizi hutengenezwa juu majanini kisha huteremshwa, ingawa mzizi nao una uwezo wa kujitengenezea kiasi. Fikiria ungepima RNA ya CYP79D mzizini peke yake: ungeona kidogo, ukaandika kwamba jeni hizi hazihusiki. Kwa hiyo chukua majani machanga pia. (Miche hiyo ilipata shida kukua mpaka ilipopewa amonia, dalili kwamba glukosidi hizi ni ghala la naitrojeni na si silaha tu. Hili liweke akilini ukisikia mtu anataka muhogo usio na sianidi kabisa.)

Na mfano wa tatu utakufanya utabasamu au uudhike. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa uliotumia mihogo ya Brazili, wakatafuta katika jenomu nzima ni wapi panapoambatana na wingi wa sianidi mizizini. Alama kubwa kuliko zote haikuangukia kwenye kimeng'enya. Iliangukia kromosomu ya 16, kwenye jeni ya msafirishaji wa familia iitwayo MATE, yaani protini ya kupitisha vitu kwenye utando wa seli. Ungekuwa umejifungia na vimeng'enya miaka miwili, usingeiona. Sisemi uache vimeng'enya. Nasema jeni hiyo ya kromosomu ya 16 iongeze katika orodha yako ya kupima, hata kama kichwa cha tasnifu hakiitaji.

Kuhusu maabara, unadhani umekosa kitu kikubwa, na mimi naona unacho ambacho wengi wenye mashine za mamilioni hawana: mashamba mawili yenye tofauti, na babu anayejua historia ya kila tuta. Fanya hivi. Chukua pingili za Micheweni na za Ole, uzipande zote mbili pande zote mbili, wiki moja, nafasi moja, bila mbolea au kwa mbolea ile ile. Muhogo wa Micheweni ukiwa mchungu popote utakapokuwa, una habari ya jeni. Muhogo wowote ukigeuka mchungu ukifika Micheweni, una habari ya ardhi. Na mara nyingi huwa vyote viwili kwa kiasi, na hapo ndipo utafiti unapokuwa mtamu. Kagua vizuri pingili kabla ya kuzihamisha. Magonjwa ya virusi ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya pingili, na huu wa pili hujificha, majani yanaonekana mazima kumbe mzizi ndani umeoza. Usije ukawa wewe uliyepeleka ugonjwa shambani kwa jirani kwa jina la sayansi. Waone maafisa wa kilimo wa wilaya kwanza.

Kisha pima, na usipime kwa ulimi. Ladha chungu na sianidi huenda pamoja mara nyingi, lakini si kila mara, na ulimi wa babu si ulimi wako. Njia rahisi ni karatasi za pikireti, iliyoboreshwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia ili itumike vijijini. Kipande kidogo cha mzizi kilichosagwa, kama miligramu 100, kinatiwa kwenye kichupa pamoja na karatasi ya linamarasi na bafa (ya kudhibiti uchachu), juu yake inaning'inizwa karatasi ya manjano ya pikireti, kifuniko kinakazwa, na kinaachwa mpaka kesho yake. Sianidi inayotoka huigeuza karatasi kutoka manjano kwenda kahawia. Unalinganisha na kadi ya rangi, au unailoweka karatasi kwenye maji na kuipima kwa spektrofotomita kwenye nanomita 510 ukitaka namba kamili. Mashine hiyo si adimu, maabara nyingi za kemia za vyuo zinayo. Onyo moja: asidi pikiriki ikikauka inaweza kulipuka. Usijitengenezee karatasi nyumbani. Agiza zilizokwisha kutengenezwa.

Sampuli za muhogo ni kero, nikuambie mapema. Mizizi ya mti mmoja hutofautiana, na hata mzizi mmoja hutofautiana kutoka kikonyo hadi ncha, na ganda lina sianidi nyingi kuliko nyama. Kwa hiyo chukua miti kadhaa kwa kila kijisehemu cha shamba, kata kipande cha katikati ya mzizi kila mara, menya kwa kina kile kile, na ganda lipime kando. Andika umri wa mti na mvua ya miezi iliyotangulia. Kwa kipimo cha kulinganishia, viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex huuita muhogo mtamu ikiwa sianidi yake haifiki miligramu 50 kwa kilo ya mzizi mbichi, na kwa unga wa kuliwa ukomo ni miligramu 10 kwa kilo. Nadhani ule wa Ole utakuwa chini ya hapo. Wa babu sibashiri.

RNA ndiyo itakayokulazimu uvuke bahari. Majani kwa ajili ya DNA yakaushe tu kwenye jeli ya silika, yatakaa. RNA haina subira hiyo: kata jani changa na kipande cha mzizi saa ile ile ya siku kwa miti yote, tumbukiza papo hapo kwenye kimiminika cha kuhifadhia RNA, weka kwenye baridi, na usafirishe. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mikocheni kilichopo Dar es Salaam kimefanya kazi ya molekuli za muhogo na virusi vyake kwa miaka mingi, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko Morogoro. Msimamizi aandike barua mapema, na kibali cha karantini ya mimea kishughulikiwe kabla sampuli hazijafika bandarini. Utakapopima wingi wa RNA kwa qPCR, angalia vianzishi vyako, yale mapande mafupi ya DNA yanayoilenga jeni, visije vikakamata D1 na D2 pamoja. Zinafanana mno, kwa hiyo vitungie kwenye sehemu zinapoachana, mara nyingi kuelekea mwisho wa jeni. Kosa hilo likipita, grafu zako zote zitakuwa za jumla ya jeni mbili, na hutajua.

Huhitaji kupima jeni zote za familia. Kabla ya kutumia senti moja, tazama data ya wazi. Mwaka 2017 ilichapishwa atlasi ya jeni za muhogo inayoonesha ni jeni ipi inafanya kazi katika tishu ipi, tishu 11 kwa jumla, kuanzia jani hadi mzizi wa chakula. Chukua tawi lako la mti wa nasaba, angalia nani anaamka majanini, nani mzizini, nani amelala kote. Utabaki na jeni nne au sita za kupima. Pakua jedwali la namba tu. Usijaribu kupakua data ghafi ya RNA kwa bando la simu, utamaliza fedha ya nauli.

Kompyuta yako ndogo inatosha. Faili la protini za muhogo ni dogo, na MAFFT, HMMER na IQ-TREE zina kurasa za bure unazoweza kutumia kwa kivinjari, au uzipitishe kwenye Galaxy, jukwaa la bure la mtandaoni. Kazi yote ya kompyuta niliyoeleza ni ya wiki chache kwa mtu makini. Ndiyo maana haiwezi kuwa tasnifu nzima. Majarida yamejaa makala za aina hiyo: familia fulani katika zao fulani, jeni kadhaa, mti wa rangi, mchoro wa kromosomu, jedwali la vipande vya kuongozea jeni (vipande vya DNA vinavyoiwasha au kuizima) vilivyobashiriwa na programu, kisha hitimisho kwamba utafiti zaidi unahitajika. Hilo jedwali la vipande vya kuongozea ningeliacha kabisa. Vipande hivyo ni vifupi mno, utavikuta mbele ya takriban kila jeni, na kumwambia mtu kwamba jeni yako ina alama ya ukame hakuthibitishi kwamba inaitikia ukame. Wewe una ukame wa kweli Micheweni. Upime.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuthibitisha kwamba kimeng'enya fulani kinafanya kazi fulani hufanywa kwa kuiweka jeni yake ndani ya hamira au bakteria, kisha kukipa malighafi na kuangalia kinatoa nini. CYP79D1 ilithibitishwa kwa hamira, na watafiti walitumia njia za namna hiyo kuzithibitisha CYP71E7 na UGT85K mwaka 2011. Hiyo ni kazi ya shahada ya uzamivu na maabara iliyokamilika. Kwa uzamili, mti wa nasaba uliosafishwa, sianidi iliyopimwa pande mbili kwa mbegu mbili, na jeni nne au sita zilizopimwa kwenye majani na mizizi hiyo hiyo, inatosha na itabaki. Mtahini akikuuliza jeni hizi zina uhusiano gani na uchungu, utamjibu kwa namba zako mwenyewe.

Kwa sasa anza na mambo mawili. Rudia orodha yako kwa faili la nakala kuu na PF00232, kisha fanya hivyo hivyo kwa PF00067 ukizitenga CYP79 na CYP71. Na nenda Micheweni kabla masika hayajaanza, umwombe babu tuta mbili na ruhusa ya kung'oa miti yake ikifika miezi 9 na tena 12, kwa sababu muhogo ukishaiva watu wa nyumbani watauhitaji kwa futari na wewe utaukuta umeshaliwa.